Bamvua Ziwani Corrabeg

Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa mbili asubuhi, Festus Conneely alikuwa jikoni kwa dada yake Attracta akifunga vibua sita katika gazeti la juzi. Vibua hao alikuja nao kutoka pwani, katika ndoo ya barafu, pamoja na fimbo mbili ndefu za kuvulia, buti za mpira zinazofika kiunoni na mfuko wa machubwi ya risasi, yale ya kuzamishia ndoana, yenye uzito wa kutosha kuvunja kioo cha dirisha. Dhoruba ya Januari ilikuwa imeezua paa lake kule Connemara. Fundi alimwambia mwezi mmoja, maana yake mitatu. Basi mtu aliyevua baharini miaka hamsini akajikuta maili sitini kutoka kwenye maji ya chumvi, katika kijiji cha Corrabeg, ambako watu huvua paiki.

Paiki ni samaki wa ziwani, mrefu, mwenye mdomo bapa kama wa bata na meno yanayoelekea ndani, ili kinachoingia kisitoke. Festus hakuwahi kumvua hata siku moja.

“Samaki ni samaki,” alisema.

“Hapa si kwenu, bwana,” Attracta alimwambia. “Hapa kuna chama, kuna mwenyekiti, kuna ramani. Ichukue hiyo nyuma ya mlango, usije ukaniaibisha.”

Ramani ya ziwa ilichorwa kwa mkono na Fintan Gaffney, mwenyekiti wa chama cha wavuvi, kiangazi cha mwaka 1986. Ilionyesha matete, vina na mahali pa kusimama. Katikati, mkabala na gati, palikuwa na msalaba mwekundu na maneno haya: Kizuizi. Usitupe ndoana hapa. Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyetupa ndoana hapo.

Mwaka huo huo wa 1986 ndio mume wa Attracta, Cathal Beirne, alipokwenda Uingereza bila kuaga. Alikuwa na kipande cha ardhi kilichotoka barabarani mpaka majini, njia pekee ya kufikia ziwa kwa gari, na alikataa kukiuza. Baada ya yeye kuondoka uzio ulisogezwa, na jumba la chama likajengwa hapo, pamoja na mahali pa kuegeshea magari. Watu wa Corrabeg ni watu wa adabu. Kila walipokutana na Attracta, dukani au kanisani, walimuuliza, “Kuna barua kutoka kwa Cathal?” Naye alijibu, “Bado.” Festus mwenyewe alimpigia simu Krismasi ile ya kwanza akamwambia dada, mtu huyo amekuacha, msahau. Attracta alikata simu, na hawakuzungumza miaka miwili.

Kule gatini Festus aliwakuta wanaume watano wamevaa nguo za rangi ya majani. Fintan Gaffney alimpa mkono. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mitatu, safi, mwenye sauti ya upole na shada kubwa la funguo kiunoni.

“Kumbe wewe ndiye shemeji yake Cathal,” alisema Gaffney. “Karibu sana. Na hilo gogo ulilobeba ni la nini? Unataka kuvua mpaka Amerika?”

“Kwetu samaki wako mbali.”

“Hapa wako miguuni pako, kaka, ndani ya matete. Tupa polepole, kama unamrushia kuku mahindi.”

Lakini mkono uliozoea mawimbi hauendi polepole. Festus alichomeka nusu ya kibua kwenye ndoana, akazungusha mgongo mzima, na chubwi likapaa juu ya ziwa, likapita mtumbwi wa watu wawili waliokuwa wanakunywa chai, likaanguka chubwi! katikati kabisa. Alipovuta, mshipi uligoma. Alivuta kushoto, akavuta kulia, akaufunga mkononi na kurudi nyuma hatua kumi. Ulikatika kwa mlio mkali.

“Hapo pana kizuizi,” alisema Gaffney. “Imeandikwa kwenye ramani.”

Wale wengine wanne walikuwa wanatazama mawingu.

Kwa fimbo ya pili Festus alitupa karibu na matete, na haikupita robo saa kabla haijainama. Paiki alipigana kidogo tu, kisha akaja ukingoni ametulia, mwenye madoa ya manjano, mrefu kama meza ya kahawa. Festus alimshika penye matamvua, akachanika vidole vitatu, akampiga kichwani mara mbili kwa jiwe kama alivyompiga kila samaki tangu utotoni, akamtia katika gunia. Alipoinua macho, mmoja wa wale wanaume alikuwa amevua kofia.

“Umefanya nini?” Gaffney aliuliza kwa sauti ndogo.

“Chakula cha jioni.”

“Weee bwana. Huyo anapimwa, anapigwa picha, anarudishwa majini. Kanuni ya nne. Chochote kitokacho ziwani kinarudi ziwani. Huyo tumemvua mara kumi na tisa. Alikuwa na jina.”

“Jina gani?”

“Bernadette.”

Attracta alimwoka kwa siagi na vitunguu, wakamla na viazi. Walikula taratibu kwa sababu ya miiba.

“Bernadette ana mifupa mingi,” alisema Attracta, akachukua kiazi kingine.

Kesho yake asubuhi maji ya ziwa yalikuwa yamepwa. Festus aliona kupitia dirishani kabla hajavaa miwani: utepe wa tope linalong'aa pembeni mwa matete, upana wa kiganja. Alitoa mfukoni kijitabu chake cha nyakati za maji, cha bandari ya kwao, akakilinganisha na saa ya ukutani. Ziwa lilikuwa limechelewa kwa dakika ishirini, jambo la kawaida kwa umbali ule. Saa sita baadaye maji yalijaa tena. Yalikuwa maji mafu bado, hayaendi mbali, lakini kila siku yalirudi nyuma zaidi. Jumanne walionekana kaa wawili kwenye ngazi za gati. Jumatano ng'ombe wa Gaffney waligoma kunywa ukingoni, wakapelekewa ndoo.

Jioni hiyo chama kilifanya mkutano wa dharura. Suala la Bernadette lilijadiliwa saa mbili na dakika kumi. Suala la maji kupwa na kujaa lilijadiliwa dakika tano, chini ya mengineyo, na ikaamuliwa gati lirefushwe. Festus alifungiwa kuvua Corrabeg maisha yake yote. Barua aliletewa mkononi, imepigwa mhuri. Mwenye duka naye aliagiza vijitabu vya nyakati za maji hamsini, akavipanga karibu na mishumaa.

“Umefukuzwa,” Attracta alisema baada ya kumsomea barua hiyo. “Siku ya kwanza tu. Mama angelia.”

“Nimefukuzwa kuvua. Kuokota hawakusema.”

Wavuvi wa ufukweni wote hufanya hivyo. Wakati wa bamvua, maji yanapokimbia kuliko siku zote, huenda kwa miguu kuokota machubwi waliyoyapoteza mwezi mzima. Risasi ni ghali na mtu huzoea chubwi lake. Festus alikuwa amepiga hesabu: Jumapili, saa sita na dakika kumi mchana, mara tu baada ya misa.

Jumapili hiyo ziwa lilirudi nyuma mpaka katikati, taratibu, bila kelele, kama mtu anayevuta blanketi. Kijiji kilitoka kanisani kikasimama kwenye mahali pa kuegesha magari kwa nguo zake nzuri, maana hewa ilikuwa na harufu ya mwani na watoto walitaka kuona kaa. Festus alivaa buti zake akashuka. Tope lilikuwa jeusi, aina ile ya udongo ambao watu huukata, huukausha na kuuwasha jikoni kama kuni, na lilimpokea mpaka magotini. Aliupata mshipi wake, akaufuata akiukunja kiganjani. Ulimpeleka moja kwa moja penye msalaba mwekundu, ambapo palikuwa na gari dogo la mizigo la kijani. Ndoana ilikuwa imekamata kishikio cha mlango wa dereva. Nusu ya kibua ilikuwa bado ipo.

Aliing'oa ndoana kwanza, akatia chubwi mfukoni. Kisha akafuta kioo kwa mkono wa koti.

Cathal Beirne alikuwa ameketi nyuma ya usukani. Udongo ule hauozeshi. Ulikuwa umemfanya wa rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, basi, na nywele zake zikawa nyekundu kuliko zamani, lakini alikuwa yeye, na umri wake ule ule wa miaka thelathini na sita, na koti lake la Jumapili, na kiganja cha kulia kimebandikwa kwenye kioo kwa ndani. Mnyororo ulipita kwenye vishikio vya milango yote miwili, juu ya paa, ukaishia kwenye kufuli la shaba. Kwenye kufuli zilichongwa herufi F.G.

Attracta alikuwa ameshaingia topeni kwa viatu vyake vya misa. Kiatu kimoja kilibaki nyuma na hakugeuka kukichukua. Alifika akashika kioo mahali pale pale palipokuwa na kiganja.

“Hakwenda,” alisema. “Festus, hakwenda popote.”

Miaka thelathini na moja Festus aliamini, na kumwambia dada yake, kwamba mtu huyu yuko Uingereza na mwanamke mwingine, na mtu alikuwa hapa, mita mia tatu kutoka jikoni kwake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Aligongagonga kufuli kwa chubwi. Halikufunguka. Wakati huo Fintan Gaffney alikuwa amewafikia, suruali ameipandisha kwa uangalifu, akitembea kwenye mbao ambazo vijana wa chama walimtandikia.

“Ngoja nikusaidie,” alisema. Alipekua shada la funguo, akachagua mmoja mdogo, akafungua. “Lilikuwa linanata tangu zamani hili.”

“Kufuli ni lako, Fintan,” alisema Attracta.

“Ndiyo. Nilikuwa najiuliza limekwenda wapi.”

Watu wote ukingoni waliona. Sajini Devaney, mkuu wa kituo cha polisi, aliona, na padri akaona, na mwenye duka aliyekuwa na darubini ya kutazamia ndege akaona vizuri kuliko wote. Maji yalikuwa yameanza kurudi.

“Unaweza kumchukua mpaka kesho,” Gaffney aliendelea, kwa upole wake. “Kanuni inaruhusu kupima na kupiga picha. Kesho maji yakipwa anarudi. Saa saba kasoro, nadhani, au vipi, Festus? Wewe ndiye mtaalamu.”

“Saa sita na dakika hamsini na tano,” alisema Festus, kwa sababu aliulizwa.

Festus na dada yake walimlaza juu ya lango la zizi waliloling'oa, wakamvuta mpaka nyumbani. Attracta alimlaza Cathal sebuleni, katika jeneza la kuazima, akasimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo cha kujitazamia, kama ifanywavyo nyumba ikiwa na maiti, akawasha mishumaa, akakata mikate mitano vipande. Kisha akavaa gauni jeusi alilolinunua mwaka 1988 na kulitundika, akaketi kando ya kichwa cha mumewe akingoja watu.

Walikuja wote. Hakuna anayekosa matanga Corrabeg. Walileta keki na nyama ya nguruwe ya kuchemsha, wakamtazama Cathal, wakasema nywele zake zimekuwa nzuri. Kwa desturi ya huko mtu humpa mfiwa mkono na kumwambia, “Pole kwa msiba,” hasemi zaidi, anakwenda kunywa chai. Attracta alinyoosha mkono kwa kila mmoja. Alikuwa amengoja maneno hayo matatu muda mrefu kuliko alivyoishi na mume.

Mwenye duka alimpa mkono. “Kuna barua kutoka kwa Cathal?” aliuliza.

Mke wa Gaffney alimpa mkono, tena kwa mikono miwili. “Na Cathal? Ameandika?”

Padri alitazama jeneza, akatazama zulia. “Tunamwombea Cathal huko aliko ng'ambo,” alisema.

Watu mia moja na arobaini walipita. Attracta aliwajibu wote, “Bado.”

Wa mwisho alikuwa Sajini Devaney. Alikaa jikoni na faili mapajani, akala vipande vinne vya keki. Alikuwa mtu mwema, na jambo lilimsumbua.

“Mama, mimi nakuelewa,” alisema. “Lakini kwenye faili langu Cathal Beirne alionekana akipanda meli. Shahidi ametia sahihi. Siwezi kumzika mtu aliyeko Uingereza.”

“Shahidi ni nani?” Festus aliuliza.

Sajini alifungua ukurasa ingawa alijua. “Bwana Gaffney.”

“Sasa aliyeko sebuleni kwangu ni nani?” alisema Attracta.

“Huyo ametoka ziwani,” alisema Sajini. “Ya ziwani ni ya chama.”

Jumatatu walifika saa sita na nusu, watu sita, na kitanda laini kile wanachombebea paiki mkubwa ili magamba yasichubuke. Walikilowesha kwanza kwa maji ya ziwa, kama inavyotakiwa. Attracta alisimama mlangoni akashika miimo miwili.

“Fintan Gaffney,” alisema, “mimi nimelala peke yangu miaka thelathini na moja, nikijiuliza nilimkosea nini. Uliniuliza habari zake kila Jumapili. Kila Jumapili, Fintan, ukinitazama usoni.”

“Ni adabu tu,” alisema Gaffney. “Tafadhali, mama, maji hayangoji.”

Waliitoa mikono yake kidole kimoja kimoja, bila kumwumiza. Festus alimshika mmoja wao ukosi na akajikuta chini kwenye maua, na Sajini amemkalia mgongoni, akimwomba radhi. Walimbeba Cathal kwa uangalifu mkubwa, mtu asingepata la kulaumu katika ubebaji wao. Walimpima: kilo sitini na nne. Wakampiga picha. Wakamketisha kwenye gari lake, na mmoja wao akamshikilia mabega wima mpaka maji yalipomfikia kifuani na akatulia mwenyewe, vile vile wanavyomshikilia paiki mpaka apate nguvu za kwenda zake. Gaffney akafunga kufuli. Alilipaka mafuta kidogo kwanza.

Festus na dada yake walibaki gatini mpaka ziwa likajaa na kuwa tambarare. Upepo ulikuwa wa baridi. Festus alivua kofia, akamgeukia, akampa mkono rasmi kama mtu asiyemjua.

“Pole kwa msiba, dada.”

Attracta aliushika mkono huo na hakuuachia mpaka nyumbani.

Pasaka fundi alipiga simu kwamba paa limekwisha. Festus alimshukuru, akamwambia ampe mtu ufunguo atunze bustani. Maji yalikuwa yamekuja naye. Hakutaka kujaribu kuona kama yangeondoka naye. Akakaa Corrabeg, haruhusiwi kuvua, kando ya ziwa lenye kupwa na kujaa kuliko pwani nyingi alizozijua. Fimbo zake ziko nyuma ya mlango, mahali palipokuwa na ramani. Watoto humwita Mla Bernadette, na wazazi wao huwakemea, lakini si sana.

Chama kimepaka ubao mpya wa nyakati za maji ukutani, kwa rangi nyeupe, na kimehamisha mashindano yake ya mwaka yasigongane na bamvua. Harusi za kijiji nazo hupangwa vivyo hivyo, kwa sababu ya picha. Novemba, Attracta aliandika jina la Cathal kwenye karatasi ya marehemu wa kusomwa kanisani, na ameliandika kila Novemba tangu hapo. Padri alisoma majina yote ya ukoo mpaka herufi B, akalifikia Beirne, akakohoa, akaendelea na C.

Kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, Festus humwambia dada yake saa. Attracta huchukua chupa ya chai, mkate wa mayai na kitambaa kikavu, akashuka. Husafisha kioo cha upande wa dereva, akageuza kreti la samaki, akaketi, akampa mumewe habari za nani amezaa na nani ameuza ng'ombe. Huondoka maji yanapofika kwenye buti.

Jumatatu moja ya Desemba alipitia dukani akitoka huko, kununua sukari. Fintan Gaffney alikuwa kaunta akilipia gazeti, akageuka na tabasamu lake lile.

“Attracta! Kuna barua kutoka kwa Cathal?”

Attracta aliweka sukari kaunta. Tope jeusi lilikuwa limemfika magotini, na lilikuwa linadondoka kwenye sakafu safi ya mwenye duka.

“Hajambo,” alisema. “Nimetoka kwake sasa hivi. Anakusalimu, Fintan.”

“Vizuri, vizuri,” alisema Gaffney. “Ukienda tena, msalimie sana.” Akamshikia mlango apite.